Ulikuwepo?

Sisi wa dagaa hatuhesabu wiki, tunahesabu giza na mbalamwezi. Giza likishika, wavuvi wa visiwani wanawasha taa zao ziwani, dagaa wanaufuata mwanga, na wakishaanikwa magunia yanaanza kushuka soko la Mwaloni, hapa Kirumba, Mwanza, mpaka huna nafasi ya kumeza mate. Mwezi ukipevuka, taa hazifui dafu. Mitumbwi inapumzika, na sisi tunahamia kwenye benchi la kahawa. Kwa hiyo maoni yangu kuhusu mpira, muziki na serikali, mengi yalipikwa siku za mbalamwezi, mfuko ukiwa mtupu na mdomo ukiwa hauna kazi.

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya mawe mawili. Mwanza mawe hayanunuliwi. Muuza kahawa ni mzee mmoja ambaye wote tunamwita Babu, hata wale wanaokaribia umri wake. Gazeti hasomi, redio yake inakoroma kuliko kuongea, lakini hakuna habari inayompita. Anasikiliza, anasuuza vikombe, na mtu akishapandisha mori, akishapiga goti lake kwa ngumi kwamba refa alihongwa au kwamba waziri fulani kasema hiki na kile, Babu anauliza neno moja tu: "Ulikuwepo?"

Ukijibu kwamba umesikia, anasema, "Basi sema umesikia." Anakumiminia kahawa kama kawaida.

Miaka ya mwanzo swali lile lilikuwa linanikera. Nilikuwa kijana, nina simu, nina maneno. Niliona mzee anatubania raha ya bure kuliko zote duniani.

Nianze na muziki, maana huko ndiko nilikoumia mfukoni. Zamani hizo, enzi za CD, alikuja msanii mkubwa kutoka Dar. Simtaji, ameshazeeka na ana watoto. Gari la matangazo lilizunguka Mabatini, Igoma na Buhongwa siku tatu. Nikatoa pesa ya tiketi yangu na ya shemeji yenu wa sasa, ambaye wakati ule nilikuwa bado namtongoza, nikanyoosha shati, tukaenda. Tulisimama kwa muda wa saa nne. Jamaa akapanda jukwaani na miwani ya jua usiku wa manane, watu wakazimia kwa furaha. Akaimba wimbo wa kwanza, wa pili. Katikati ya wa tatu, CD ikakwama. Sauti ikawa inarudia kipande kimoja, "naku-naku-naku-naku", kama kuku anayetafuta pa kutagia, na yeye, Mungu amsamehe, mdomo ukaendelea na ubeti. Akamaliza ubeti mzima kwa midomo huku spika ziko kwenye "naku". Kuja kushtuka, kageuka nyuma anamtafuta DJ.

Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake jipya. Nikajua huyu ndiye wa kuoa. Lakini pesa yangu iliniuma mwezi mzima.

Baada ya usiku ule nikafanya kosa la kurukia upande wa pili: nikawa nahubiri benchini kwamba bongo fleva yote ni CD, hakuna muziki. Uongo. Jiji lililomtoa rapa Fid Q haliwezi kusema hivyo na likasikilizwa. Ilichukua usiku mwingine kunirudisha kwenye mstari. Tulikuwa kwenye baa moja ya kawaida, bendi ya dansi inapiga, si bendi yenye jina kama Super Kamanyola, ni vijana wa kuungaunga, mpiga gitaa la besi amevaa malapa. Umeme ukakatika. Baa yote ikawa giza, zile "aaah" zetu zikatoka, na tukategemea watu wa bendi waweke vyombo chini waende kuvuta sigara. Mpiga tumba hakuacha. Wala hakubadilisha mwendo, kama vile umeme haukuwa unamhusu tangu mwanzo. Mwimbaji akateremka, akaja katikati ya meza, akaimba kwa koo lake tu, na ile sauti ambayo spika ilikuwa inaifanya kubwa na nyembamba ikawa ndogo na nene. Mtu wa saksofoni akamfuata. Tukawasha simu zetu tuwamulike. Mama mmoja mnene akainuka kwenda kutunza, akaukosa mfuko wa shati la mwimbaji gizani, noti ikaanguka, watu watatu wakainama kuitafuta na wote watatu wakamrudishia. Umeme uliporudi, watu walizomea umeme.

Sasa mtu akiniuliza muziki wa jukwaani ni upi, namuuliza tu: wakizima swichi, nini kinabaki? Wako wa bongo fleva wanaobaki, na wako wa dansi wasiobaki. Na hawa waandaaji wanaopanga viti vyeupe vya VIP mbele kabisa, wanakalisha watu wanaoangalia simu, halafu wenye miguu ya kucheza wanarundikwa nyuma ya uzio, hao sijui niwafanyeje.

Kuna jambo ambalo watu wa pwani wakinisikia nalisema wanadhani natunga. Usukumani ushindi wa ngoma hautolewi na majaji kwenye meza, unatolewa na miguu ya watazamaji. Nenda Bujora, pale Kisesa, mwezi wa sita kwenye sherehe za Bulabo. Kuna pande mbili za jadi, Bagika na Bagalu, zilizotokana na waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, waliokuwa wanashindana nani ana dawa kali. Pande mbili zinaingia uwanja mmoja, muda mmoja, kila mmoja upande wake, zinacheza kwa pamoja. Wewe mtazamaji uko katikati. Unakokwenda ndiko unakopiga kura. Upande wenye umati mkubwa ndio umeshinda. Kwa hiyo wana mbinu zote: wengine wanacheza na majembe, wanayarusha juu na kuyadaka, wengine wanachezea nungunungu, na wale wanaoitwa Bayeye wana nyoka.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Mgika, na alinipeleka nikiwa na miaka saba au minane. Tulisimama upande wetu, ngoma inatingisha mpaka kifuani, vumbi jekundu hadi kwenye meno. Ghafla nikaona watu wanakimbia. Upande wa pili wamefungua sanduku, ametoka chatu, mtu amejiviringishia shingoni. Uwanja uliinama kama mtumbwi ulioegemea ubavu mmoja. Kwetu tukabaki labda watu thelathini na wachezaji wenyewe. Babu hakusogea hata kidole. Mimi nilivumilia kidogo tu, kisha nikamchomoka mkononi.

Niliporudi, jua limeshuka, nikajua fimbo inanisubiri. Babu akaniuliza tu, "Umeona nini huko?"

Nikamwambia chatu, mkubwa, kalamba shavu la yule mtu.

"Na mpiga ngoma wao alikuwa anapigia mkono gani?"

Sikujua. Sikuwa nimemwona mpiga ngoma.

"Wa kwetu ni wa kushoto," akasema, na tukaanza safari ya kurudi nyumbani.

Nimeishi na lile swali la pili miaka mingi bila kujua kazi yake. Benchini Babu wa kahawa anauliza kama ulikuwepo. Babu yangu aliuliza zaidi ya hapo.

Mpira ndio ulionifundisha tofauti. Mimi ni Yanga wa kurithi, baba alikuwa Yanga, na hapa Mwanza mtu wa Yanga alikuwa na nyumba ya pili kwa timu ya hapa, Toto African, wana Kishamapanda, waliokuwa wakiitwa watoto wa Yanga. Lakini Aprili 2017 Yanga ilikuja uwanja wa CCM Kirumba nusu fainali ya Kombe la FA kucheza na Mbao, timu ya hapa hapa, vijana ambao baadhi yao tulikuwa tunakutana nao sokoni. Kocha wao alikuwa Mrundi, Etienne Ndayiragije. Nikavaa njano na kijani, nikakaa na wenzangu wa njano na kijani, na dakika tisini nikawazomea watoto wa mtaani kwangu. Mbao ikashinda 1-0, goli la kujifunga. Nilitoka uwanjani na hasira za mtu aliyeibiwa.

Kesho yake benchini nikaanza. Refa hivi, uwanja mbovu vile, bahati. Babu akauliza kama kawaida, "Ulikuwepo?" Safari hii nikamjibu kwa kifua mbele: nilikuwepo, na tiketi hii hapa.

Pembeni alikuwa amekaa kijana mbeba magunia, hata jina lake nilikuwa silijui vizuri. Naye alikuwepo, jukwaa la mzunguko, upande wa Mbao. Akaanza kuhadithia mechi yake. Beki wa kulia wa Mbao alivyokuwa anampigia kelele mwenzake kila krosi. Mabeki wa Yanga walivyoanza kulaumiana kabla goli halijaingia. Jinsi krosi iliyozaa goli ilivyokuwa ya tatu ya aina ile ile, pembe ile ile, na mbili za mwanzo hakuna mtu aliyezijali. Nilikuwa nimekaa pale pale, jua lile lile, na sikuwa nimeona hata kimoja. Nilikuwa nimeangalia njano na kijani.

Fainali ilichezwa Dodoma mwezi uliofuata. Mbao wakaenda na Simba mpaka dakika za nyongeza, wakafungwa 2-1. Siku hiyo nilikuwa kwenye kibanda umiza cha kuonyeshea mpira, na Mbao waliposawazisha nilijikuta nimesimama juu ya benchi la watu. Wana Yanga wenzangu walisema nilishangilia kwa sababu ya kuichukia Simba. Sikubishana nao. Nusu ilikuwa kweli.

Kuhusu mikeka ya kubeti nitasema kidogo, maana wengi mnaosoma mna mkeka mfukoni. Mwaka mmoja nilibeti timu yangu ifungwe kwa sababu namba zilikuwa nzuri. Ikafungwa. Nikapata pesa ya kununua gunia moja na nusu la dagaa, na nikashindwa kulala. Sijarudia.

Sasa hili la habari za nchi na za ziwa, hapa naandika polepole.

Mwaka 1996, MV Bukoba ilipozama, Mei 21, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Uwanja wa Nyamagana, tulikokuwa tunaruka ukuta kuangalia mpira, ndiko ilikopelekwa miili ili watu wawatambue ndugu zao. Sikuingia. Nilisimama nje na watoto wenzangu, na kitu ninachokumbuka ni watu wazima waliokuwa wanatoka wamefunika pua kwa kanga na mashati, na hakuna aliyetufukuza. Watu wazima wa Mwanza wakishindwa kufukuza watoto, ujue. Ukipita Igoma mnara wa kumbukumbu yao upo, kwenye makaburi.

Ungedhani mtu aliyesimama pale angekuwa na adabu ya maji. Septemba 20, 2018, Alhamisi, siku ya gulio kule Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika gati la kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi mia mbili. Ijumaa asubuhi benchi lilijaa, na nani alikuwa anaongea kuliko wote? Mimi. Nikasema kosa la nahodha. Nikasema kosa la abiria wenyewe, watu wetu wakiona chombo kinaondoka wanarundikana kama hawatapata kingine, hawana akili. Nikataja idadi nilizozipata kwenye simu. Nikasema mengi, na nilikuwa nayasema vizuri, kwa mpangilio, watu wananisikiliza.

Kwenye kona ya benchi alikuwepo mtu wa makamo, mnunuzi mwenzetu, hana makuu. Kikombe chake kilikuwa kimejaa, hajakigusa. Alinyanyuka taratibu, akampa Babu pesa, akasema, "Na ya huyu mdogo wangu anayeongea." Akaondoka.

Nikacheka, nikasema angalau kuna mtu amethamini hotuba.

Babu hakuniuliza kama nilikuwepo. Siku ile hakuuliza kabisa. Akasubiri nimalize kucheka, akasema, "Huyo kwao Ukara. Dada yake alikwenda gulioni jana. Anasubiri simu."

Jumamosi ilipokuja habari kwamba fundi wa kivuko, Alphonce Charahani, ameokolewa akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka, baada ya siku mbili, benchi zima lilipiga makofi. Mimi nilikuwa namtazama yule ndugu kama amekuja. Hakuwa amekuja. Dada yake alipatikana Jumapili, na si kwa namna ambayo tulikuwa tunaomba. Nilikwenda kumpa pole nyumbani kwake, Pasiansi. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani kwenye daladala, ya kuomba radhi. Nikafika, nikaona wanaume wamekaa kwenye mkeka kimya, nikavua viatu, nikakaa. Aliniona. Akanisogezea nafasi. Hatujawahi kulizungumza lile jambo hadi leo, na kahawa yake nimejaribu kuilipa mara nyingi, anakataa.

Tangu hapo sijawa bubu, msinielewe vibaya. Kuna vitu unavisema hata kama hukuwepo, la sivyo wakubwa wangefurahi mno. Chombo cha watu 101 kubeba zaidi ya mara mbili, hilo lina mwenyewe wa kuulizwa na halihitaji mtu awe alizama ndio aseme. Ila naanza na lipi, mbele ya nani, kwa sauti gani, hapo ndipo nilipokuwa sijui.

Hata la daraja nililikosea, lakini kwa namna nyepesi. Daraja la Kigongo kwenda Busisi, lile la kilomita 3 juu ya ghuba, nililiimbia benchini miaka mitano kwamba halitaisha, na kwamba bilioni zaidi ya 700 zingetosha kununua vivuko vya kutuvusha hadi kiama. Likafunguliwa Juni 19, 2025. Nilipita wiki kadhaa baadaye naenda Sengerema kudai deni. Zamani pale ungesubiri kivuko mpaka ule mayai mawili, usinzie, ugombane na mtu. Safari hii nilikuwa bado natafuta simu yangu mfukoni nipige picha, basi limeshavuka. Nikasema haya, nimeshindwa, daraja zuri. Wakati wa kurudi nikamwomba konda anishushe Kigongo, nikashuka hadi kule kwenye gati la zamani. Nilimkuta mama mmoja niliyemzoea, ana beseni la mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye kifuko. Nikamwamkia, nikamuuliza biashara. Akasema, "Baba, watu wanapita juu." Akaonyesha kwa kidevu. Nilinunua mayai sita, na mimi siyapendi mayai ya kuchemsha.

Kwa hiyo daraja ni zuri au baya? Benchini bado wananiuliza nichague.

Timu ya Pamba ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2024, baada ya miaka 23 huko chini, nilijiambia sasa nitakuwa nakwenda uwanja wa Kirumba na binti yangu, ana miaka tisa. TP Lindanda, wana Kawekamo, kama wanavyoitwa, baba yangu hakuwapenda na mimi sikuwa nimewahi kuwapenda, lakini ni wa hapa. Wakija Simba au Yanga uwanja unajaa mpaka unasikia huruma, na ukiangalia rangi za majukwaa utadhani Pamba ndio wageni. Mimi nachagua mechi nyingine, zile za timu isiyo na majina, mzunguko unakaa unavyotaka, unanyoosha miguu.

Moja kati ya hizo ilipigwa mawingu yakiwa yamelala juu ya ziwa. Kipindi cha pili mvua ikashuka, ile ya Mwanza isiyopiga hodi. Pamba walikuwa nyuma goli moja. Watu wakaanza kushuka ngazi, wamejifunika magazeti na makoti.

"Baba, wanaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Mpira umeisha?"

"Bado."

Akalitazama lile kundi linavyotoka, akanitazama mimi, kisha akasogea mbele mpaka kwenye uzio, akashika waya kwa mikono miwili. Nikamfuata na mfuko wa nailoni nikamfunika kichwa. Mpira uliisha vile vile, moja bila. Tukarudi tumelowa hadi kwenye mifupa, na mama yake alinisema nikakubali yote.

Asubuhi yake ilikuwa mbalamwezi na hakukuwa na shule, nikaja naye benchini. Akampa Babu shikamoo. Jamaa mmoja akaanza kwamba Pamba hawana timu, kipa amelala. Nikafungua mdomo nitoe uchambuzi. Babu akainua mkono, akamgeukia mtoto.

"Eti ulikuwepo?"

"Ndiyo."

"Uliona nini?"

Akafikiri. Akasema aliona kipa wa Pamba ana soksi ya mguu mmoja imetoboka kisigino. Aliona mvua ilipozidi wale watoto wa kuokota mipira walijificha wote wanne chini ya bango moja la matangazo, na mpira ukitoka anatumwa mdogo kuliko wote. Aliona baada ya filimbi mchezaji wa timu ngeni, namba kumi na saba, amekaa peke yake kwenye maji hanyanyuki, ingawa timu yake imeshinda.

Mimi namba kumi na saba simkumbuki kabisa.

Babu akamwongeza kashata ya pili, na kwangu akaniambia kahawa imeisha, nisubiri achemshe nyingine.